Leseni Iliyogoma na Harusi Ndani Yake

Wadi Kabir, Muscat
Oktoba 2005

Kaka yangu Mwadime,

Kabla hujaanza kuuliza: mimi ni mzima, nakula vizuri, lile jino lililonitesa limeng'olewa, na joto limepungua kiasi kwamba mtu anaweza kupanda ngazi bila kuungama dhambi zake. Sasa zamu yako. Goti la mama linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa jirani yetu alipokuwa anarudi likizo, ilifika nyumbani au aliamua kujichua mwenyewe njiani? Na kibanda chako hapo Voi, bado unakaa na televisheni za watu miezi mitatu ukiwaambia spea iko Mombasa? Usikasirike. Huku sina wa kumtania, ndiyo maana yote yanakuangukia wewe.

Najua nimekaa kimya. Nilikuwa na kitendawili, na unajua nikishikwa na kitendawili hata chai inapoa mbele yangu. Sasa nimekitegua, na mtu wa kwanza niliyetaka kumsimulia ni wewe, maana ni wewe uliyenifundisha kwamba mashine haimchukii mtu, ikikataa kazi ina sababu yake. Wakati ule nilidhani unajitetea kwa wateja tu.

Uliniuliza nafanya nini hasa tangu niache kazi ya kufua mashuka kule hotelini. Nafanya kwenye studio ya Bi Thuraya. Ni mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, anazungumza Kiswahili kitamu mpaka mimi naona haya kufungua mdomo. Studio yake iko juu ya duka la mapazia, na kazi yetu ni picha za video za harusi, upande wa wanawake tu. Harusi za huku zina pande mbili: wanaume kwao, wanawake kwao. Kule kwa wanawake mabuibui yanavuliwa, na chini yake, kaka, kuna nguo na nywele na dhahabu ambazo mitaani huzioni hata ukikaa miaka. Simu zenye kamera zinakusanywa mlangoni kwenye mfuko, hakuna cha mkubwa wala mdogo. Kamera inayoingia ni ya Bi Thuraya peke yake. Yeye anapiga, mimi nakaa kwenye kompyuta nikikata, nikiunganisha na kutia muziki. Mwanamume haingii chumba chetu. Hata anayetuletea chai anaiacha kwenye ngazi na kupiga hodi kwa kikohozi.

Wateja wanampenda Bi Thuraya kwa ahadi moja. Picha zikishaingia kwenye kompyuta, anakupa kanda zako na mkasi, unakata utepe wewe mwenyewe mbele yake. Kwa hiyo tangu siku hiyo mpaka diski ikamilike, harusi yako haipo popote duniani isipokuwa ndani ya mashine yetu. Na mashine yetu haijaungwa na intaneti. Bi Thuraya anasema waya unaoleta vitu ndani unaweza pia kuvitoa nje, na kusema kweli sijapata hoja ya kumpinga.

Mwishoni mwa Agosti tukapata harusi ya Raya, binti wa pekee wa Bi Zuwena, mjane mmoja wa huko Bawshar. Wiki ile ile ya harusi, Bi Zuwena aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake akavunjika nyonga. Ukumbi ulishalipiwa, wageni wameshafika kutoka Unguja na Dubai. Wakataka kuahirisha, yeye akakataa katakata, akasema wageni hawawezi kurudishwa kwa sababu ya mfupa wake. Basi Raya akaolewa mama yake akiwa kitandani hospitali, mguu umening'inizwa. Hakuona hata ua moja. Alichoambiwa ni kwamba asubiri filamu, ataiona yote. Raya akaja kukata kanda, huku anacheka na kuulizia kama mkasi wetu una makali, halafu akafuatana na mumewe kwenda Salalah, ambako ndiko kazi ya mume ilipo. Yaani Bi Zuwena alibaki na jambo moja tu la kungojea, na hilo jambo lilikuwa mikononi mwangu.

Sasa nikueleze habari ya leseni, maana najua ndiyo itakayokukosesha usingizi. Programu ya kukatia picha hainunuliwi ikaisha kama unavyonunua redio. Unailipia mwaka. Kila mwaka ukianza inabidi ijithibitishie kwamba wewe ni mtu halali. Kompyuta za watu wengine zinaulizana zenyewe kwa zenyewe na kampuni kupitia intaneti. Yetu, kwa kuwa imefungiwa ndani kama mwari, inathibitishwa kwa simu. Inatoa namba ndefu kwenye kioo, mimi naisoma kwa Kiingereza kwa fundi wa Kihindi anayeitwa Thomas, yuko kwenye ofisi ya wauzaji kule mtaa wa Ghala. Yeye naye ananipa namba nyingine, naiandika, programu inafunguka. Na picha tulizoziingiza humo zimehifadhiwa kwa namna ambayo hakuna programu nyingine inayoweza kuzisoma. Hilo ulishike.

Filamu ya Raya ilikuwa karibu kwisha, nimebakiza jina na tarehe za mwanzo, ambazo Bi Thuraya hupenda kuziandika mwenyewe kwa Kiarabu. Aliziandika jioni, akafunga, tukaenda zetu. Asubuhi nawasha, programu inakataa. Ikaandika kwa Kiingereza kwamba saa ya kompyuta ina kasoro, kwa hiyo leseni imefungwa. Nikatazama saa pembeni ya kioo, nikatazama ya mkononi. Zinaenda sambamba, hata dakika. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa stima, nikapumzika, nikarudisha. (Nacheka nikikumbuka, maana hiyo ndiyo tiba yako ya kwanza kwa kila ugonjwa.) Hakuna.

Nikampigia Thomas. Nikamsomea namba, akanipa ya kwake, ikakataliwa. Tukarudia polepole, tarakimu moja moja, ikakataliwa tena.

"Simama hapo hapo, sister," akasema. "Mara ya tatu ikikosea inafunga moja kwa moja. Hebu nisaidie, saa iko sawa?"

"Sawa kabisa."

"Na tarehe?"

Mimi nilikuwa na simu begani na karatasi mkononi, kwa hiyo Bi Thuraya ndiye aliyeshika kipanya. Akaweka mshale juu ya saa, tarehe ikatokea kwa Kiarabu, akaisoma, akanitikisia kichwa. "Mwambie sawa. Ya leo hasa."

Nikamwambia sawa. Nani hajui tarehe ya leo?

Thomas akasema basi kuna njia mbili. Ya kwanza, tumpelekee mashine Ghala aifungue aone ndani kuna nini. Ya pili, tufute kila kitu na kuweka programu upya kama mashine imetoka dukani. Nikamuuliza picha zilizomo je. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba kufuta ni kufuta.

Bi Thuraya alikaa kwenye kiti akaweka mikono kwenye magoti. Mwisho akasema uamuzi si wake, ni wa mwenye harusi. Akampigia Bi Zuwena, ambaye wakati huo alikuwa amesharudishwa nyumbani, akafungua spika ili na mimi nisikie. Akamweleza yote bila kujitetea.

"Kwa hivo huyo fundi akiifungua ataona?" Bi Zuwena akauliza.

"Ataona, dada. Sitokudanganya. Si lazima aangalie, lakini macho ni macho."

"Mle mna watoto wa watu, Thuraya. Wameingia ukumbini kwa kuamini. Mna bi Moza na utu uzima wake kacheza lelemama kavua ushungi. Mimi nna haki gani ya kuwaanika wao ili nione mwanangu?"

"Basi n'fanyeje?"

Nikasikia feni ya chumbani kwake ikizunguka.

"Futeni," akasema. "Ntahadithiwa."

Kaka, sikujua kama neno dogo namna ile linaweza kumuuma mtu asiyehusika. Mimi si ndugu yao, si dini yao, lakini nilitoka nikasimama kwenye ngazi, nikalia kidogo. Yule mama alikuwa na haki kabisa, na haki yake ndiyo iliyokuwa inamnyang'anya harusi ya mtoto wake.

Thomas akapanga kunielekeza kufuta kesho yake asubuhi, kwa simu. Akaniagiza kwanza niandike majina ya mafaili yote yaliyomo, ili baadaye tujue cha kurudisha ni kipi. Nilipokuja asubuhi, Bi Thuraya alikuwa amekaa dirishani hataki hata kuitazama ile kompyuta. Nikafungua orodha ya mafaili. Kila jina huwa na tarehe pembeni yake. Mimi Kiarabu sisomi, lakini tarakimu zao nazijua, nimezijifunza kwenye bei za sokoni na namba za magari. Nikaanza kunakili majina. Nikafika chini. Jicho likarudi pembeni. Nikasoma ule mwaka, nikausoma tena.

"Bi Thuraya," nikasema, "hii mashine imerukwa na akili. Inasema huu ni mwaka elfu moja mia nne ishirini na sita."

Akaja, akavaa miwani, akainama. "Sasa akili iliyoruka iko wapi? Si ndo mwaka wenyewe huo?"

"Mwaka gani, mama?"

"Mwaka tulionao! Shaabani, elfu na mia nne na ishirini na sita. We ulitaka mwaka gani?"

Tukatazamana. Nadhani tulifahamu kwa pamoja, kwa sababu miwani ilimteremka mpaka ncha ya pua.

Ilikuwa hivi. Bi Zuwena alitaka tarehe ya harusi iandikwe kwa Hijria, kalenda ya Kiislamu, mwanzo wa filamu. Bi Thuraya, ili asikosee siku, aliigeuza kalenda ya kompyuta nzima ikawa ya Hijria, akanakili tarehe yake vizuri, akaenda nyumbani. Kwake hakuna kilichoharibika, hiyo ndiyo kalenda anayofungia na kufungulia saumu. Thomas alipouliza tarehe, alijibiwa kweli tupu. Lakini programu haijui Shaabani wala Rajabu. Jana ilifungwa mwaka elfu mbili na tano, leo inaamshwa inaambiwa elfu moja mia nne na kitu. Na hizi programu zimefundishwa kwamba mtu anayerudisha tarehe nyuma ni mwizi anayetaka mwaka wake wa leseni usiishe. Ikaona sisi ndio wezi wakubwa kuliko wote iliowahi kukutana nao, watu waliorudi nyuma karibu miaka mia sita ili kukwepa ada ya mwaka mmoja!

Nilicheka, kaka, nilicheka mpaka nikashika meza. Bi Thuraya naye akacheka huku anajipiga kifua, "Mimi! Mimi na kidole changu!"

Nikampigia Thomas. Alipoelewa, nikasikia anawasimulia wenzake kwa Kimalayalam, lugha ya kwao, ofisi nzima ya Ghala ikacheka. Akarudi kwenye simu. "Sister, nimeona watu wakirudisha mwezi mmoja. Nimeona mtu wa Sohar akirudisha mwaka. Nyinyi mmenishinda." Halafu akawa mtu wa kazi. Akasema kurudisha kalenda peke yake hakutoshi, programu ikishakuweka kwenye orodha ya wezi haikusamehe hivi hivi. Lazima awaombe watengenezaji huko Ulaya namba maalum ya kutufungulia. Na ikija, tuna nafasi moja.

Tulingoja. Bi Thuraya alisali adhuhuri, mimi nikasali kimoyomoyo kivyangu. Huku siku ya mapumziko ni Ijumaa, hata kanisani tunaenda siku hiyo, kwa hiyo Mungu ameshanizoea katika siku zisizo zangu. Alasiri Thomas akapiga. Akanitajia tarakimu moja moja, mimi naisema kwa sauti, Bi Thuraya anaihakikisha kwenye kioo kabla sijaandika inayofuata. Ilikuwa ndefu kama ukoo wa mfalme. Tulipomaliza nilimsomea yote upya kuanzia mwanzo. Akasema, "Bismillah, sister," na yeye ni Mkristo wa Kerala. Nikabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Halafu Raya akatokea, amekaa kwenye kiti chake cha enzi katikati ya maua, kama nilivyomwacha. Bi Thuraya alipiga kigelegele mpaka watu wa duka la mapazia wakatoka nje kutazama kama kuna mwari anapita.

Nilitaka barua iishie hapo, lakini kilichofuata ndicho ninachokifikiria nikilala.

Bi Zuwena hawezi kupanda ngazi zetu, na diski hataki itoke kabla hajaiona. Kwa hiyo tuliifunga kompyuta kwa blanketi, tukaiweka kwenye gari la Bi Thuraya, nikaipakata mpaka Bawshar. Alikuwa amelazwa sebuleni kwenye kitanda cha chuma, mama mwembamba, sauti kubwa. Nikamwamkia, akanishika mkono kabla sijamaliza. Tukamwonyesha filamu nzima. Alicheka bi Moza alipocheza. Alimsifu mwanawe, akanisifu na mimi. Ilipokwisha akanigeukia.

"Ndo yote?"

"Ndiyo yote, mama."

"Na vile ulivokata, umevitia wapi?"

Nikamweleza kwamba bado vimo ndani ila ni vibovu: kamera imetikisika, mtu amepita mbele, au bibi harusi hakutazama kamera.

"Kwani alikuwa anatazama wapi?"

Mimi, Wakesho, niliyesumbua mtaa mzima kwa maswali, nilikuwa nimekata vipande vile kimoja kimoja na sikuwahi kujiuliza. Nikavifungua, nikavipanga kimoja baada ya kingine, tukatazama.

Alikuwa anatazama mlango. Kila ulipofunguliwa, Raya aligeuza kichwa. Akiona ni mgeni tu, si yule anayemngoja, alirudi kwenye kamera na kutabasamu, na mimi nilikuwa nikianzia kwenye tabasamu. Mara nyingi, kaka. Usiku mzima wa harusi.

"Alijua niko spitali," Bi Zuwena akasema. "Alasiri ile kaja kwa nguo za harusi, kanibusu, kaniaga. Alijua fika." Akaomba nirudie. Nikarudia. Yeye hakulia. Mimi nililia, na Bi Thuraya akajifanya anatafuta waya.

Baadaye nikamuuliza nitengeneze diski ngapi. Akasema ile nzuri ipelekwe Salalah kwa Raya na wakwe zake. "Mimi nitilie hivi vibovu," akasema. "Hivi ndo vyangu." Tulipomaliza kutoa diski zote mbili akavuta kibodi kitandani kwake, akafuta harusi yote kwenye mashine kwa kidole chake mwenyewe, kama desturi ya studio ilivyo.

Haya, mwana wa mama, nimekuchosha. Mwambie mama nambusu goti lile bovu na lile zima lisione wivu. Mjomba anayelinda shule mwambie soksi zake ziko njiani, na mwinjilisti wetu asiache kunitaja Jumapili hata kama mimi nasali Ijumaa. Msalimie sana mkeo Mkamburi. Ile kanda ya harusi yenu, mliyooana mimi nikiwa huku, nimeitazama hata imeanza kukwaruza, na mmependeza, na mama yumo akicheza. Lakini nina ombi. Nenda kwa yule aliyewapiga picha, mwulize kama vile vipande alivyovitupa bado anavyo. Anipe vyote, hasa vile ambamo mtu anatazama getini.

Ni mimi mdogo wako,
Wakesho